Mbwa Mdogo Kati ya Mbwa Wakubwa

Kila mmoja awe na karatasi hii mbele yake, na mwalimu aandike ubaoni maneno matatu: KAA, NJOO, ACHA. Yasomeni kwa sauti. Haya, leo tutamfundisha mbwa maneno hayo hayo.

Wengi wenu mna mbwa wawili au watatu wa kulinda nyumba na mbuzi. Sasa umepata mdogo, wa miezi mitatu. (Umri huo yafaa achanjwe kichaa cha mbwa, usingoje.) Labda wasema moyoni, "Huyu hana haja ya mwalimu, atawafuata wakubwa." Ni kweli, atawafuata. Wakibweka, naye atabweka. Wakikimbilia njiani, naye atakimbia. Lakini anawatii mbwa, hakutii wewe. Siku atakapomkimbilia mtoto wa jirani anayepita na ndoo ya maji, utaita, naye hatageuka, maana hajui kwamba neno lile ni lake.

Basi kwanza mtenge. Wafunge wakubwa, au ngoja mpaka waende malishoni. Mchukue mdogo nyuma ya nyumba, wewe na yeye tu, kabla hajashiba. Uwe na vipande vya nyama, vidogo kama punje ya hindi.

Soma: KAA. Shika kipande mbele ya pua yake, kisha kipitishe polepole juu ya kichwa chake kuelekea nyuma. Akiinua kichwa kukitazama, matako yatashuka yenyewe. Yakigusa chini tu, sema "Vema!" na umpe papo hapo. Ukikawia hata kwa kuhesabu tatu, amekwisha simama, nawe umemlipa kwa kusimama. Akizoea, tangulia kusema "Kaa" kabla ya kupeleka mkono. Usimsukume mgongo. Dakika tano zatosha, asubuhi na jioni.

Soma: NJOO. Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoharibu mbwa. Nilimwita, akakawia kwenye jalala, na alipofika nikampiga. Mimi nilidhani nampiga kwa kukawia. Yeye alielewa kwamba amepigwa kwa kuja. Tangu siku ile nikisema "Njoo" alisimama mbali akinitazama, na ilinichukua miezi kumrudisha. Kwa hiyo akija, hata akichelewa, mpe kitu au mpapase. Anza hatua tatu, kisha kumi, kisha toka upande wa pili wa ua.

Soma: ACHA. Fumba kipande katika ngumi. Atalamba, atakwaruza. Nyamaza. Akiondoa pua, mpe kingine kwa mkono wa pili. Akishazoea kuondoa pua, ndipo utie neno.

Akijua peke yake, mrudishe kwa wenzake, lakini kwa mbwa mmoja kwanza, yule mpole kuliko wote. Tangulia jina, kisha neno: "Chui, kaa." Aliyetajwa ndiye apewe. Mwingine akijipenyeza, asipewe kitu mpaka jina lake litajwe. Mkubwa akimngurumia mdogo kwa ajili ya nyama, watenge zaidi, kila mmoja mahali pake. Usishangae mdogo akisahau yote siku hiyo. Mbele ya wenzake somo ni jipya. Rudi nyuma kidogo, uanze tena.

Liko jambo moja ambalo huwashinda watu zaidi ya mbwa. Baba husema "Njoo," mtoto husema "Kuja hapa," mama hupiga mluzi. Mbwa afuate lipi? Tena majina yasifanane. Simba na Simbo katika ua mmoja ni taabu.

Kazi ya juma hili: andika katika karatasi majina ya mbwa wako wote, na chini yake maneno yetu matatu, kwa herufi kubwa. Ibandike mlangoni, na kila mtu wa nyumbani aisome. Asiyejua kusoma, msomee wewe. Kwaherini.