Keki ya Belfast, Kitanda cha Cornwall

Mada niliyopewa ni pana kuliko dakika nilizopangiwa: uhuru wa mtu wa dini kusema, na sheria zinazokataza kuwabagua wapenzi wa jinsia moja. Nitaibana kwenye keki moja na kitanda kimoja, kesi zote mbili zikiwa zimeamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza.

Keki kwanza. Mwezi Mei 2014 mteja aliingia duka la mikate la Ashers mjini Belfast, akaagiza keki yenye picha ya wanasesere wa televisheni, Bert na Ernie, pamoja na maneno ya kuhimiza watu waunge mkono ndoa za jinsia moja. Mama mwenye duka alipokea oda na paundi 36.50 bila kuteta. Hakutaka kumfedhehesha mtu pale kaunta. Wikiendi ikapita. Akampigia simu, akaomba radhi: biashara yao ni ya Kikristo, maneno yale hawawezi kuyaandika. Fedha zikarudi. (Jina lenyewe la duka limetoka Mwanzo 49:20, penye habari za chakula cha Asheri.)

Mahakama mbili za chini zilimpa mteja ushindi, na fidia ya paundi 500. Oktoba 2018 majaji watano wa Mahakama ya Juu wakaitengua hukumu hiyo kwa kauli moja. Jaji Hale alieleza kwamba kilichokataliwa ni ujumbe. Mwanamume mwenye mke angeiagiza keki ileile, naye angenyimwa. Na mteja yule angetaka keki ya kawaida, angeuziwa.

Sisi watu wa kanga hatuhitaji wakili kulielewa hili. Fundi asiyetaka kukuchapia kanga yenye jina la kumsuta mke mwenzio hajakukataa wewe. Kakataa maneno yako.

Sasa kitanda. Mwaka 2008 wanaume wawili, wenza waliosajiliwa kisheria, walifika kwenye hoteli ndogo ya wanandoa Wakristo huko Cornwall, chumba wakiwa wamekwisha kukiwekesha kwa simu. Wakaambiwa kitanda cha watu wawili ni cha mume na mke tu. Wenye hoteli walijitetea kwamba hata mwanamume na mwanamke wasiooana wangewanyima. Ni kweli, lakini hao wangeweza kwenda kuoana wakarudi. Wale wawili, kwa sheria ya wakati ule, wasingeweza kamwe. Mwaka 2013 hoteli ikashindwa, na Jaji Hale huyuhuyu alikuwa miongoni mwa walioamua hivyo. Wapo waliomwita kigeugeu baada ya keki. Mimi sioni ugeugeu: kitanda hakina maandishi.

Ugumu unaanza pale keki isipokuwa na maandishi. Huko Colorado, Marekani, mwokaji aliwakatalia wanaume wawili keki ya harusi kabla hata pambo lolote halijazungumzwa. Mwaka 2018 alishinda kwa kura 7 dhidi ya 2, lakini kwa sababu ya pembeni: makamishna wa jimbo walikuwa wameidharau imani yake. Swali lenyewe likaachwa kiporo. Kwangu mimi, keki tupu inayouzwa kwa bwana harusi yeyote ni bidhaa kama kitanda kile, na angepaswa kuiuza. Najua baadhi yenu mezani hapa hamkubali. Ndiyo maana nimeacha dakika kumi za maswali.