Kesho ni Jumatatu
Mahubiri ya Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana
Injili: Luka 3:15-16, 21-22



Leo Mama Kanisa anaadhimisha Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, na kwa sikukuu hii kipindi cha Noeli kinafikia mwisho wake. Pango tulilolipamba kwa majani litabomolewa, na sanamu za wachungaji na kondoo wao zitafungwa katika magazeti na kurudishwa sandukuni mpaka mwakani. Kesho ni Jumatatu. Katika kalenda ya Kanisa tunaanza kipindi kiitwacho cha kawaida, na katika nyumba zetu pia mambo yanarudia hali yake ya kawaida. Watoto wanarudi shuleni, nasi twahesabu fedha za sare na madaftari. Jembe linangoja pembeni mwa mlango. Ndoo inangoja zamu yake bombani. Mama anaamka kabla ya jogoo, awashe moto ule ule katika mafiga yale yale.

Ni katika siku za namna hii swali moja humjia mwanadamu, tena huingia bila kubisha hodi: haya yote ni ya nini? Tunalima ili tule, tunakula ili tupate nguvu za kulima. Tunafagia ua, na kesho majani yameanguka tena. Swali hili humjia maskini na tajiri, kijana anayeanza maisha na mzee anayeyamaliza. Tusilidharau. Mtu huweza kustahimili kazi nzito iwapo ajua ni ya nini. Lakini hata kazi nyepesi humlemea asiyeona sababu yake.

Ndugu wasikilizaji, swali hili tuliwahi kuulizwa uso kwa uso, na hatukulijibu vema. Mwaka mmoja tulikwenda katika kigango cha mbali kumpelekea Komunyo Takatifu katekista mzee aliyekuwa mgonjwa kitandani. Watu wote pale walimwita Mwalimu, hata wasio Wakristo. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa ameongoza ibada za Dominika pale ambapo padri hufika mara moja kwa miezi kadhaa. Kigango hakikuwa na kengele. Palikuwa na rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa katika tawi la mwembe, na kila siku alfajiri Mwalimu aliigonga kwa kipande cha nondo, akawaalika waamini kusali sala ya Malaika wa Bwana popote walipo.

Baada ya kupokea Komunyo alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Baba, niruhusu nikuulize. Vijana niliowafundisha wamekwenda mjini, na wengine nasikia hata kanisani hawaingii. Kanisa letu ni lile lile la udongo. Mwanangu huniuliza nimevuna nini, nami sina la kumjibu. Miaka thelathini na miwili nimegonga chuma, na chuma kimebaki chuma. Maisha yangu yamefaa nini?"

Tulimjibu upesi kwamba thawabu yake ni kubwa mbinguni. Neno hilo ni la kweli. Lakini tukiri mbele yenu kwamba tulilisema kwa sababu jua lilikuwa linashuka na safari ilikuwa ndefu. Tulimpa jibu la kweli kwa moyo wa haraka, naye alituitikia kwa adabu, "Asante, Baba," akaugeuzia uso wake ukutani.

Njiani jibu lile lilitusuta. Basi, tuigeukie Injili ya leo, tutazame kama inalo neno kwa ajili ya mzee yule, na kwa ajili yetu.

Mwinjili Luka atusimulia kwamba Yesu alibatizwa pamoja na watu wengine wote, na alipokuwa akisali mbingu zilifunguka, Roho Mtakatifu akashuka juu yake, na sauti ya Baba ikatangaza kwamba huyu ndiye Mwanawe mpendwa, ambaye amependezwa naye. Tujiulize: kufikia siku hiyo, Yesu alikuwa amefanya nini? Hakuwa bado amemponya mkoma hata mmoja. Hakuwa amewalisha makutano, wala kumfufua mfu, wala kuhubiri mlimani. Luka huyo huyo asema kwamba alikuwa na umri wa miaka ipatayo thelathini. Miaka hiyo karibu yote aliiishi Nazareti, kijiji kidogo chenye sifa hafifu, na Mwinjili Marko atuambia kwamba watu wa kwao walimjua kama seremala.

Maana yake, ndugu zangu, ni kwamba Baba alipotamka kuwa amependezwa na Mwanawe, nyuma ya tamko hilo ilikuwako miaka ya kupasua mbao na kuchonga miti. Ilikuwako miaka ya kumtii Mama Maria na Mtakatifu Yosefu, ya kusali sinagogi siku ya Sabato, ya kuamkia kazi ile ile ya jana. Injili hazikuandika habari za nira au mlango wowote alioutengeneza. Wala hatudhani kwamba mkulima wa Nazareti aliyepeleka plau yake itengenezwe alijua amekabidhi mikononi mwa nani. Aliondoka na plau iliyonyoka, akaenda kulima, watoto wake wakapata mkate.

Hapo ndipo fumbo letu linapoanza kufunguka. Seremala hakai na mlango alioutengeneza. Mlango hukaa kwa jirani. Ni jirani anayejua kwamba usiku ule wa baridi watoto walilala salama. Hali kadhalika na kazi zetu. Maana ya kazi ya mtu mara nyingi haimo mikononi mwake mwenyewe. Imewekwa akiba kwa mwenzake. Ndiyo maana tukiitafuta ndani ya vifua vyetu peke yake twakuta patupu, tukafikiri haipo, kumbe ipo nyumba ya pili.

Tutazame mfano wa mtakatifu mmoja wa bara letu. Josephine Bakhita alizaliwa Darfur, nchini Sudan, yapata mwaka 1869. Angali mtoto mdogo aliibwa na wauza watumwa, akasahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Jina Bakhita alipewa na watesi wake. Ni neno la Kiarabu, ndugu ya neno letu bahati. Aliuzwa na kununuliwa mara kadhaa, akapigwa na kuchanjwa mwili hata alama hazikumtoka maisha yake yote. Mwaka 1885 alipelekwa Italia. Bibi aliyekuwa akimtumikia alipotaka kumrudisha Afrika, Bakhita alikataa. Shauri lilifika mbele ya serikali kule Venice, na mwezi Novemba 1889 ikatamkwa kwamba yu mtu huru. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akajiunga na masista Wakanosa, akaweka nadhiri mwaka 1896.

Na baada ya hapo alifanya nini? Hakuanzisha shirika, wala hakujenga hospitali. Kuanzia mwaka 1902 alitumwa katika nyumba ya masista mjini Schio, na huko alikaa sehemu kubwa ya maisha yake mpaka alipofariki tarehe 8 Februari 1947. Alipika. Alishona na kutarizi. Alitunza sakristia. Alikuwa bawabu. Watoto wa shule walipopita mlangoni aliwawekea mikono yake kichwani kwa upole. Mikono iliyofanyishwa kazi kwa mjeledi sasa ilifungua mlango kwa hiari. Tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu.

Wapendwa, mtu aliyefagia kama mtumwa na mtu aliyefagia akiwa huru alikuwa Bakhita yule yule, na ufagio pengine ulifanana. Kilichobadilika ni kwamba sasa alimjua anayemfagilia. Kwanza alikuwa kitu cha mtu. Sasa alikuwa mtoto wa Mungu, mwenye kujitoa kwa watoto wa Mungu wenzake.

Hapa yatupasa kuweka tahadhari. Tusemapo kwamba kazi ndogo ina thamani kubwa, wako watu wanaoweza kulitumia neno hilo vibaya. Tajiri asimwambie mtumishi wake wa nyumbani kwamba kazi ni sala, huku mshahara wa miezi mitatu amemzuilia. La hasha! Mtume Yakobo aliandika kwa ukali kwamba ujira ulionyimwa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Bakhita hakuambiwa aridhike na utumwa. Alisimama akasema hapana, na baada ya kuwa huru ndipo akatumikia. Anayemnyonya mwenzake hampi maana ya kazi, bali anamwibia.

Baada ya majuma mawili tulirudi katika kigango kile. Tulifika jioni, tukalala hapo, tukaamka mapema. Alfajiri ilikuwa kimya, kwa maana hakuna aliyekuwa ameigonga rimu tangu Mwalimu alipolala kitandani. Tukatembea kijijini kuwasalimu watu. Tulimkuta mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi ya kuuza barabarani. Akasema, "Siku hizi nachelewa, Baba. Nilikuwa nikisikia chuma cha Mwalimu ndipo naamka kuukanda unga. Kwa maandazi haya nimesomesha watatu." Mbele kidogo tukakutana na mzee Mwislamu akienda shambani. Akatuuliza hali ya jirani yake, kisha akasema, "Mimi huamka kwa adhana. Nikishasali, nasikia chuma chake kinalia, najua mwenzangu naye ameamka kumwomba Mungu. Sasa naona kama alfajiri imepungua mtu."

Tulikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu, tukaketi kitandani pake, na safari hii hatukutazama jua. Tukamwambia habari za maandazi na za alfajiri iliyopungukiwa mtu. Alisikiliza macho yamefumbwa. Tulidhani amelala. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, tukaona kwamba anacheka. "Kumbe hata maandazi!" akasema. "Nami nilidhani nawaita kwenye sala tu." Akacheka tena mpaka akakohoa, mkewe akamletea maji. Kabla ya masika alifariki. Twamshukuru Mungu kwamba hatukuchelewa, maana mara nyingi tunachelewa. Maneno ambayo yangemfaa mtu kitandani pake tunayahifadhi, tukaja kuyasoma kaburini pake.

Basi, ndugu zangu, kesho ni Jumatatu. Twawapa mambo mawili ya kushika.

La kwanza: unapoanza kazi yako, usiulize tu, "Nafanya nini?" Uliza, "Nafanya kwa ajili ya nani?" Mtaje kwa jina mbele ya Mungu. Mwalimu wa shule, kabla ya kusahihisha rundo la madaftari, amtaje mtoto mmoja. Fundi cherehani amtaje mwenye kuivaa nguo. Anayemwuguza mzazi wake aliyepooza, ambaye kila siku huosha shuka zile zile, aseme, "Baba yangu, kwa ajili yako." Ukikosa kumjua mtu huyo, mwambie Mungu, "Wewe wamjua, mfikishie." Wala usidanganyike kwamba uchovu utakwisha. Mtakatifu Yosefu naye alichoka. Lakini uchovu wenye jina la mtu ndani yake hauvunji moyo.

La pili, na hili tusilisahau: ikiwa maana ya kazi ya mwenzetu imewekwa akiba kwetu, basi sisi ni wenye amana. Na amana hurudishwa. Juma hili, kila mmoja amtafute mtu mmoja amwambie kwa kinywa chake kazi yake ilimfaa nini. Labda ni mwalimu aliyekufundisha kusoma, naye sasa amestaafu. Labda ni mkunga, au yule anayefagia kanisa Jumamosi jioni asionekane Jumapili asubuhi. Labda ni mkeo, ambaye chakula chake umekila miaka ishirini bila neno. Ninyi makatekista, ambianeni ninyi kwa ninyi, na sisi mapadri wenu tuwaambie. Tunajua wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini hatusemi habari za kusifu. Tunasema habari za kushuhudia. Usimwambie, "Wewe ni hodari." Mwambie, "Siku fulani ulifanya jambo hili, nami nikapona."

Baba alisema neno lake pale Yordani kwa sauti, watu wakiwa wamekusanyika. Hata Mwana wa Mungu, kabla ya kuingia jangwani kujaribiwa, aliambiwa kwamba anapendwa. Sembuse sisi tulio dhaifu?

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyependezwa na Mwanao alipokuwa hajulikani na wengi, utazame kazi za mikono yetu zisizoonekana na watu. Uwape faraja wote wanaolala leo wakidhani maisha yao hayakumfaa mtu. Utupe macho ya kuyaona mema tuliyotendewa, na kinywa cha kuyasema mapema. Na kesho asubuhi, tutakapolishika jembe, kalamu, sindano au ufagio, utukumbushe ni kwa ajili ya nani. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Dominika njema, na Jumatatu njema. Tumsifu Yesu Kristo.