Gari Likichemsha, Tafuta Sababu



Leo tuzungumze juu ya gari la zamani linalochemsha. Katika vijiji vingine gari huwa ni moja tu, nalo ni kuukuu, Land Rover au pikapu. Mchana linabeba mahindi kwenda sokoni. Usiku linabeba mgonjwa kwenda hospitali. Likikwama njiani na mama mjamzito yumo ndani, hasara si ya mwenye gari peke yake. Ni yetu sote.

Madereva wengi wana dawa moja tu: kuongeza maji. Wanajaza rejeta, wanaondoka, na baada ya kilomita chache gari linachemsha tena. Maji hayo ni huduma ya kwanza tu. Ugonjwa bado umo ndani. Lazima tuulize: kwa nini linachemsha?

Maji hufanya kazi gani?

Injini ikifanya kazi hutoa joto kali. Pampu husukuma maji yazunguke ndani ya injini. Maji hubeba lile joto mpaka kwenye rejeta. Pale feni na upepo huyapoza, halafu yanarudi kwenye injini. Njiani kuna kifaa kidogo kinachoitwa thamostati. Hiki ni kama mlango. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa, ili injini ipate moto upesi. Maji yakifika digrii 82 hivi, au zaidi kidogo, mlango hufunguka.

Basi, mara nyingi gari huchemsha kwa sababu tatu. Maji yamepungua, au hayazunguki, au hayapozwi.

Jihadhari na mfuniko

Kabla ya kutafuta sababu, tujilinde. Mvuke ukitoka, simama mahali salama, zima injini, ngoja. Usifungue mfuniko wa rejeta! Mfuniko ule hubana maji, ndiyo maana yanaweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Ukiufungua, yanachemka mara moja na kukurukia usoni. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta bila kuungua. Kisha funika mfuniko kwa kitambaa kizito, uzungushe kidogo kidogo. Wala usimwage maji baridi ndani ya injini yenye moto. Chungu cha moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka. Silinda hedi nayo hupasuka vivyo hivyo.

Namna ya kutafuta sababu

Fanya kazi hii injini ikiwa imezimwa, ila pale tutakaposema vingine.

1. Tazama maji. Kama yamepungua, yamekwenda wapi? Angalia mipira ya rejeta, angalia chini ya pampu, angalia ardhini asubuhi. Hata tone dogo ni dalili kwamba maji yanavuja.

2. Bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Ukibonyea kama sentimita 1, ni sawa. Ukilegea sana, unateleza. Katika Land Rover nyingi za zamani mkanda huo mmoja huzungusha feni, pampu ya maji na mtambo wa kuchaji betri. Kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka na joto likipanda, fikiria mkanda kwanza. Beba mkanda wa akiba.

3. Tazama uso wa rejeta. Mbegu za nyasi, wadudu na tope huziba njia ya upepo. Rejeta ikipoa, mwagia maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, uchafu utoke ulikoingilia.

4. Gari likishapata moto, zima, halafu pima joto la mipira kwa tahadhari. Mpira wa juu ni wa moto, wa chini ni baridi? Maji hayazunguki. Huenda thamostati imekwama, pampu imekufa, au rejeta imeziba ndani.

5. Thamostati hupimwa jikoni. Ifungue injini ikiwa baridi, itumbukize katika sufuria ya maji, uipashe moto. Ikifunguka kabla maji hayajachemka, ni nzima. Isipofunguka, nunua nyingine. Kuna watu huitupa na kuendesha bila thamostati. Tunawakataza. Injini hukaa baridi mno, inakula mafuta zaidi na kuchakaa upesi.

6. Sasa dalili mbaya. Oili imekuwa kama chai ya maziwa. Au moshi mweupe unatoka mwingi kwenye ekzosi, hata injini ikiwa na moto. Au mfuniko ulifunguliwa injini ikiwa baridi, ikawashwa, na mapovu yanatoka mfululizo kwenye rejeta. Hapo gasketi ya silinda hedi huenda imeungua. Usiendelee na safari. Ita fundi.

Linachemsha wakati gani?

Mwambie fundi jambo hili, litamsaidia. Likichemsha likisimama au likienda polepole kwenye tope, lakini barabarani likapoa, shaka iko kwenye feni au mkanda. Likichemsha likipanda mlima na mzigo, au likikimbia, shaka iko kwenye rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka vizuri.

Maji gani tutie?

Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe ndani ya sufuria. Ndani ya rejeta ni hivyo hivyo. Maji ya mvua ni afadhali. Yakichanganywa na dawa ya rejeta, yaani kulanti, kutu hupungua.

Ndugu zetu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkanda ni bei ndogo. Injini ni mavuno ya miaka.

Mjadiliane katika kikundi:

1. Gari la kijijini kwenu hukaguliwa maji na mkanda siku gani, na nani?

2. Kwa nini si vizuri kufungua mfuniko wa rejeta yenye moto?

3. Gari likichemsha usiku na mgonjwa yumo, mtafanya nini kwanza?