Ramani ya Bahari Ianze na Daftari Lenu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya wavuvi)



Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Pwani yetu yakafa. Hasara ilikuwa kiasi gani? Aliyeweza kujibu ni yule tu aliyekuwa na rekodi za miaka ya nyuma.

Kwa hivyo mkipima mwamba, mikoko au mazalio ya samaki, andikeni mambo matano: ni kitu gani, mahali gani, tarehe gani, nani alipima, na kwa chombo gani. Namba isiyo na tarehe ni kama dawa isiyo na karatasi. Nani ataimeza?

Nakala moja akae nayo katibu, ya pili iwekwe mbali na maji na mchwa, ya tatu pelekeni KMFRI, Mombasa. Samaki hajui mpaka wa Vanga. Wenzetu wa Tanzania wakiandika namna hiyo hiyo, ramani zetu zitaungana. Lakini mahali mnapotaka pawe siri, kikao kiamue kwanza.

Basi anzeni na wazee. Majina mengi ya miamba wanayoyajua bado hayajaandikwa popote.