Mazoea ya Barabara

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mnaotusikiliza makambini na vituoni, maoni yetu ya leo yahusu jambo ambalo wengi hulidharau: hati ya faini aandikiwayo dereva kwa mwendo wa kasi, katika njia aliyoizoea.

Barabara kuu itokayo Hoima hupita Nansana, hukata bonde la Lubigi, kisha huingia Kasubi, penye kilima walipozikwa Makabaka wanne wa Buganda. Bondeni njia ni wazi, na mguu wa dereva hukanyaga mafuta bila yeye kujua. Afikapo Kasubi, mwendo ule wa bondeni bado anao, ilhali mbele yake pana soko, boda boda na watoto wa shule wavukao.

Mwenye kusema nanyi leo alisimamishwa hapo jioni moja. Kanuni za mwaka 2004 ziliweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho wa mwendo mijini. Yeye alikuwa akienda kilomita 74. Aliona uchungu, akasema kwamba njia ile aijua kama kiganja chake. Askari wa barabarani, kijana mdogo, akajibu kwa adabu: “Mzee, wewe waijua njia. Mtoto anayevuka hajui kwamba waja.”

Tufanye hesabu. Kabla mguu haujafika kwenye breki, sekunde moja hupita. Katika sekunde hiyo, gari la kilomita 50 huenda mita 14, na la kilomita 74 huenda mita 20 na zaidi. Na breki zikishashika, gari la pili huhitaji nafasi zaidi ya mara mbili ya lile la kwanza ili lisimame. Mazoea ya dereva hayapunguzi hata mita moja. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mazoea yana tabu.

Lakini hilo silo kubwa la jioni ile. Garini alikuwamo sajini wa jeshi, amevaa sare. Mkono wake ulikuwa umekwisha ingia mfukoni kutafuta kitambulisho. Kisha akautoa mtupu, akanyamaza. Hati ikaandikwa. Tulipoondoka alisema: “Kama ningalimwonyesha, asingalithubutu tena kumsimamisha mkubwa yeyote.”

Ndugu askari, maneno hayo yastahili kufikiriwa. Mwezi wa Juni 2025 Serikali ilianza kutoza faini za mwendo kwa kamera zisomazo namba za magari: shilingi 200,000, au 600,000 kwa aliyezidisha mno. Wananchi walilalamika sana, na mwezi huohuo mpango ukasimamishwa kwa muda ili uangaliwe upya. Watu wana haki ya kuuliza juu ya kiasi cha faini na namna ya kuitoza. Lakini kamera ina jambo moja la kusifiwa: haioni cheo. Askari wa barabarani hukiona, na hapo ndipo penye mtihani wake, na wetu pia.

Hatusemi habari za gari la wagonjwa au la zimamoto liendalo kuokoa maisha. Twasema habari za mtu arudiye nyumbani kula chakula cha jioni. Mtu huyo, awe kanali au awe mchuuzi, hana haraka iliyo bora kuliko mguu wa mtoto wa Kasubi.

Askari mdogo akinyenyekeshwa mara moja mbele ya watu, kesho atatazama pembeni gari la kasi lipitapo, hata kama limechukua abiria kumi na wanne. Basi mkubwa akisimamishwa, na asimame. Akiandikiwa, na alipe. Aliye na malalamiko ayapeleke panapohusika, wala si kwa kumtisha kijana aliye kazini.

Hayo ndiyo maoni yetu ya leo.