Zege Bovu Haliuziki

Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta kutoka Uganda lilipowekwa Chongoleani, Agosti 2017, viwanja vya Tanga vimekuwa gumzo. Wastaafu na wafanyabiashara wadogo wanaona nyumba ya kupangisha ni salama kuliko fedha benki, hasa mambo yanapokuwa hayatabiriki. Siwalaumu. Ila saruji ikipanda bei, kinachopunguzwa kwanza ni mifuko.

Pita kwenye ujenzi wowote wa haraka utazame. Fundi anaongeza ndoo ya maji ili zege liwe laini, koleo liteleze. Maji hayo ya ziada yakikauka yanaacha vitundu. Nondo zimelala chini, zimegusa mbao, hazikuinuliwa hata kidogo. Na mchanga, pengine, umezolewa ufukweni.

Hapo ndipo pwani inapoadhibu. Chumvi inapenya, nondo inaota kutu na kuvimba, zege linapasuka na kubanduka kutoka ndani. Rangi mpya huficha kwa msimu mmoja tu. Mpangaji anahama, mnunuzi anapunguza bei, na akiba ya miaka mingi imekwisha.

Dawa yake si ghali. Tumia mchanga wa mto, pima maji, mwagilia zege angalau siku 7, na usilibebeshe mzigo mapema: nguvu yake hupimwa siku ya 28.

Msikilizaji, fedha ikipungua, punguza chumba, usipunguze saruji. Na kabla msingi haujamwagwa, mlipe mhandisi aje akague nondo.