Kimbunga Kiko Mbali, Maji Yako Mlangoni
Mazungumzo kwa wakazi wa Eastlands kuhusu mvua za nje ya msimu



Kila mkazi wa Nairobi anajua kalenda ya mvua. Masika ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari ni miezi ya jua, vumbi na foleni za mitungi ya maji. Ndiyo maana mvua kubwa ikianguka katika miezi hiyo, watu hufurahi na ndoo hupangwa chini ya paa. Saa moja baadaye, mtaro wa mbele ya ploti umefurika.

Mara nyingine chanzo cha mvua hiyo ni kimbunga kilicho mbali kabisa, katika Bahari ya Hindi. Kimbunga chenyewe hakiwezi kufika Umoja au Kayole. Nairobi iko karibu na Ikweta, mbali na pwani, na zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Lakini kimbunga hugeuza pepo. Kikikaa upande wa mashariki wa Madagaska, huweza kuvuta hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo hadi Kenya. Mwezi wa Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa upande huo, Kenya ilipata mvua nyingi kupita kawaida. Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, kilivuta unyevu upande wake, na masika ya Kenya yakachelewa.

Kwa hivyo jina la kimbunga pekee halitoshi kumwambia mkazi kama atapata mvua au jua. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ndio wa kufuatwa, na husomwa redioni kila siku.

Kuna funzo kubwa zaidi kutoka mwaka 2024. Mwanzoni mwa Mei, nchi nzima ilizungumza juu ya Kimbunga Hidaya, na kufunguliwa kwa shule kukaahirishwa. Hidaya kilipungua nguvu kilipofika karibu na kisiwa cha Mafia, Tanzania. Lakini Mathare ilikuwa imeshafurika mwishoni mwa Aprili, kabla ya Hidaya. Watu walipanda juu ya paa usiku kujiokoa, na wengine walipoteza maisha. Maji yaliyoua hayakuwa na jina.

Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong hutiririka kutoka magharibi kwenda mashariki. Mvua ikinyesha upande wa Kikuyu na Dagoretti, maji hushuka hadi Mathare, Mukuru, Korogocho na Dandora, hata kama huko hakujanyesha tone. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa anayeishi kando ya mto huku Eastlands, mawingu ya kutazamwa ni yale ya magharibi.

Udongo nao una lake. Sehemu kubwa ya Eastlands ni udongo mweusi, ambao ukishalowa haupitishi maji upesi. Maji yanabaki na njia moja tu, nayo ni mtaro. Mtaro ukijaa chupa, mifuko na matope, njia hiyo imefungwa.

Wakazi wengi hulalamika kwamba mtaro ukizibuliwa, taka huachwa kando, na mvua ya kwanza huzirudisha mle mle. Lalamiko hilo ni la haki. Kazi ya kuzibua haijaisha mpaka taka zimebebwa. Rundo likibaki, wakazi wa ploti husika waripoti mapema kwa msimamizi wa wadi, wasingoje mawingu. Nao wenye nyumba wasijenge juu ya mtaro, na wenye vibanda wasiufunike.

Kabla ya mvua, kila nyumba iliyo karibu na mto ikubaliane mahali pa kukimbilia na nani atawabeba wazee, wagonjwa na watoto. Vitambulisho na vyeti vifungwe kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa juu. Mto ukianza kupanda usiku, watu waondoke kwanza. Godoro hununuliwa tena.

Wakati wa mafuriko, umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla maji hayajaingia ndani. Waya ulioanguka usiguswe. Maji yanayokwenda kasi, hata yakifika chini ya goti, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na chini yake huenda kuna shimo la maji taka lisilo na kifuniko. Watoto wasiachwe kuyachezea. Dharura ziripotiwe kwa 999 au 112.

Baada ya mafuriko, maji ya mfereji huweza kuchanganyika na maji taka, na kipindupindu huanzia hapo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini. Anayeharisha sana apelekwe kituo cha afya mara moja.

Bahari iko mbali na hakuna mkazi anayeweza kuzuia kimbunga. Mtaro uko mlangoni, na unaweza kusafishwa kabla wingu halijaonekana.